Wifi Alisema Sakafu Ni Barafu, Nikamwita Mwongo

Mimi ndiye mwenye makosa. Sitafuti wa kunitetea, na jina langu sitalitaja, maana Watanzania wa hapa Toronto tunajuana.

Sikumpenda wifi yangu. Alitoka Tanga mwanzoni mwa miaka ya elfu mbili kuja kusoma, na mume wangu, ambaye ni kaka yake, akasema atakaa kwetu North York. Nyumba yetu ilikuwa bado mpya na nilikuwa nikiringa nayo. Nikampa chumba kilicho juu ya gereji.

Majira ya baridi yalipoanza, naye akaanza. Sakafu ni barafu, inamuumiza miguu, analala na koti. Nikamjibu kwamba mtu wa Tanga hata friji ikifunguliwa anatetemeka. Akanunua hita ya umeme, nikaificha stoo nikidai italeta moto. Akahamia kwenye kochi, nikamwambia sebule yangu si gesti.

Siku moja akanifuata jikoni. Hakupandisha sauti.

"Wifi, lala wewe kule usiku mmoja tu. Ukiona naongopa, nitakuomba radhi mbele ya kaka."

"Nyumba hii ni yangu," nikamwambia. "Kama huiwezi, mlango unaujua."

Akaondoka wiki hiyohiyo, akaenda kubanana na wasichana wenzake kwenye ghorofa za Dixon Road. Mume wangu nilishamjaza maneno: mdogo wako mvivu, anataka kutawala nyumba yangu. Akaniamini. Akampigia simu akamfokea, mpaka mama yao huko nyumbani akalia. Nami kwenye shughuli za kina mama nikawa nasimulia nilivyomtimua, watu wanacheka.

Baridi haijaisha, bomba likapasuka kwenye dari ya gereji. Mume wangu alikuwa kazini. Fundi akakata jipsamu ya dari ili alifikie, nami nimesimama pale nikitazama. Jamani, ndani kulikuwa kutupu! Zile pamba nene za kuzuia baridi zinazowekwa chini ya sakafu, hata kipande hakikuwepo. Wajenzi walifunika tu wakaenda zao. Yule binti alikuwa akilala juu ya baridi ya nje.

Mwenye utu angeshika simu palepale. Mimi nilimwambia fundi ajaze pamba, afunge, apake rangi. Mume wangu nikamwambia ni bomba tu. Nilikuwa radhi wifi aendelee kuitwa mwongo kuliko anishinde.

Idd ikaja, na baridi imerudi. Mume wangu akambembeleza mdogo wake mpaka akakubali kuja kula nasi. Adhuhuri akapanda kuswali kwenye chumba chake cha zamani. Akashuka miguu mitupu.

"Kaka, ile sakafu mliitengeneza lini?"

"Sakafu gani?" mume wangu akauliza.

Wote wawili wakanigeukia. Nikasema haijawahi kuwa na tatizo lolote. Nikaapa, siku ya Idd.

Mume wangu akashuka gereji. Akakuta dari yote mpya, si kiraka cha bomba. Akampigia fundi akiwa hukohuko, na fundi akamweleza kila kitu. Aliporudi, alimwomba mdogo wake msamaha mbele yangu, akachukua koti lake amsindikize kwake.

"Nilimfokea mtoto wa mama yangu kwa ajili yako," akaniambia mlangoni.

Baadaye nilikwenda Dixon kuomba radhi. Wifi alinisikiliza nikiwa nimesimama kwenye korido. "Nimekusikia," akasema, "ila usirudi tena." Alipoolewa, kaka yake alikwenda harusini peke yake.

Bado naishi na mume wangu, kama huko ni kuishi. Yeye na mdogo wake wanapiga Kiswahili kwenye simu mpaka wanacheka. Mimi ananijibu kwa Kiingereza, kama karani wa benki.

Wewe mwenye wifi usiyempenda, sikulazimishi umpende. Lakini akilalamika, nenda katazame. Na ukikuta alisema kweli, kiri siku hiyohiyo, ungali na mume wa kukusikiliza.