Saumu ya Bi Somoe

Kijiji chote cha Kiswere kilijua kwamba Bi Somoe ni mcha Mungu. Alianza kufunga Jumatatu na Alhamisi, siku nyingine zikafuata, na kila Salima, jirani yake, alipompelekea sahani ya wali, sahani ilirudi vilevile na salamu: "Ahsante, nimefunga." Tukamsifu. Wengine hata tulimwonea wivu.

Ajabu ni kwamba sisi, tunaojua nani kapika nini kwa harufu tu, hatukuona kuwa jikoni kwake hapafuki moshi hata magharibi, wakati wa futari.

Mwaka huu mjukuu wake Naima alikuja kula Idd. Naima ni mtafiti huko Ulaya. Anazunguka nchi kwa nchi akiwauliza wazee, matajiri kwa maskini, wanaishije. Bibi yake humtania: "Mke mwenzangu kaacha wazee wa kwao, kaenda kuhoji wa watu."

Asubuhi ya Idd, baada ya swala, Salima alileta pilau mwenyewe. Bi Somoe akajibu kwa mazoea, "Mwanangu, nimefunga."

Kufunga siku ya Idd ni haramu, hata mtoto wa chuo cha Kurani anajua. Salima aliweka sahani mkekani, akaondoka kakunja uso.

"Bibi, una nini?" Naima aliuliza.

Bi Somoe alichezea upindo wa kanga. "Sahani ya mtu hairudi tupu, mke mwenzangu. Tangu magoti yalipogoma kwenda shamba, nitamrudishia nini Salima?"

Roho ilimuuma Naima, lakini hakumkemea. "Huko kwenye utafiti wangu, bibi, kuna wazee wanaokataa mwaliko wa chai. Wanasema wanaumwa. Ukikaa nao sana ndipo wanakwambia hawana cha kumkaribishia mtu kwao."

"Wazungu?"

"Wazungu."

"Maskini!" Machozi yalimlenga Bi Somoe. "Wangekwenda tu. Aliyewaalika anawataka wao."

Akaitazama pilau ya Salima. Kisha akaivuta sahani karibu, akasema bismillahi.

Alipomaliza aliiosha, akakata mchaichai ulioota nyuma ya bafu, akauweka juu. Naima alitaka kuipeleka.

"Wacha. Salima kanuna, nitajikokota mwenyewe."

Salima alimwona akiingia uani, akatoka mbio kumpokea. Alishika mkono wa Bi Somoe kwanza, sahani baadaye.