Kazi Yangu ya Mate

Majirani wetu wa mutaa wa Mugunga walinicheka sana. Ati mutoto wa mutu anakwenda iniversite kusoma mate! Niliwaacha wacheke, mimi ni mubishi tangu utoto. Mate yana amilasi, kimeng'enya kinachoanza kuvunja wanga wa fufu ungali mudomoni, na nilitaka kujua jeni zinazoitengeneza zilitoka wapi.

Siku ya kutetea kazi hiyo mbele ya juri ya maprofesa, waasi walikuwa wamefunga barabara ya Rutshuru na umeme umekatika. Iniversite ilikuwa inafunga, na hakuna aliyejua itafunguliwa lini. Nikianguka, masomo yangu yamekwisha. Picha zangu zilibaki ndani ya kompyuta, basi nikachukua chaki. Nilichora jeni moja ya kale, kisha nakala zake bega kwa bega kwenye kromosomu moja: hizi za kongosho, hizi za mate. Nikaeleza kwamba watu hawalingani, mumoja ana nakala chache, mwenzake nyingi.

Muzee mumoja wa juri akaniuliza kwa nini mwili ubebe nakala nyingi za kitu kilekile. Si muzigo wa bure? Nikamutazama mama, ameketi nyuma amevaa kikwembe chake cha kanisa, nikakumbuka volkano ilipochoma nyumba yetu tukabaki na sufuria moja. Kwa sufuria moja mama hakuthubutu kujaribu kitu. Kikiungua, tunalala njaa. Alipopata ya pili, ya kwanza iliendelea na maharagi, ya pili ikaingia kazi ya mandazi ya kuuza. Nikajibu hivyohivyo: nakala moja inashika kazi ya zamani, nyingine iko huru kubadilika. Ndivyo amilasi ya kongosho ilivyozaa ya mate.

Kwetu, mutoto akifaulu anamwangiwa pudre, poda nyeupe, kichwani, lakini juri kwanza itoke, ijadiliane, irudi. Mama aliposikia habari za sufuria alidhani yamekwisha. Akapiga vigelegele, akapita mbele ya maprofesa, akanimwangia kopo zima. Prezida wa juri alikasirika, akamuambia hawajatoa alama bado.

"Alama ni zenu, papa," mama alisema. "Huyu nilimubeba mugongoni, moto uko nyuma yetu. Mimi namupongeza kwa kufika hapa."

Juri ikatoka. Ningeweza kujipangusa, sikujipangusa. Waliporudi na distinksio, alama ya juu, walinikuta bado mweupe mpaka kope, nimeshika mukono wa mama, najivuna wazi.