Jeneza Lililokata Ekseli Yangu

Cheka tu, nimeshazoea. Mke wangu naye alicheka siku ya kwanza, mpaka nilipompa kile kipande cha chuma akishike. Mimi ni fundi magari hapa Gongo la Mboto, sijui kutunga hadithi na sina muda huo. Ninachokueleza kilinikuta mimi mwenyewe, jua halijazama, na akili zangu zote ninazo.

Nilikuwa na kijipu cha milango miwili, gari jepesi lililoundwa libebe watu wanne na kapu la sokoni. Nikalipandisha springi, nikakata bodi pembeni, nikalifunga matairi manne makubwa niliyoyapata Buguruni, yaliyokuwa yametoka kwenye gari zito. Likasimama juu hasa! Nikipita barabara ya Pugu watoto wanapiga kelele, na mimi nyuma ya usukani kichwa kimevimba.

Ekseli sikuzigusa. Zilibaki zilezile nyembamba za kiwandani. Na usidhani sikujua, maana hiyo ndiyo kazi inayonilisha. Umewahi kuona fundi akichomeka bomba kwenye mkono wa spana ili apate nguvu ya kukaza nati? Akizidisha kidogo, nati inakatika. Tairi refu linaifanyia ekseli vivyo hivyo. Difu, ile gia ya katikati inayozungusha ekseli, inaanza kulia, beringi zinakufa mapema, na breki zinachelewa kushika. Mteja akija na wazo kama hilo ninamgombeza. La kwangu nikalifumbia macho.

Mzee Kibwana, tunayefanya naye kazi, mtu asiyependa maneno mengi, alilizunguka gari mara moja tu. "Umelivalisha viatu vya baba yake," akasema. "Siku ukilitwisha mzigo litakuumbua."

"Wivu huo, mzee wangu," nikamjibu, tukacheka.

Ikaja masika. Mdogo wangu Mwanahawa alikuwa ameolewa huko ndani, mbele ya Chanika, ng'ambo ya bonde ambalo mvua zikichanganya linageuka uji. Alikuwa na mimba ya miezi tisa. Ya kwanza ilikuwa imeharibika, na tangu hapo hakuwa Mwanahawa yule tunayemjua. Alikuwa anacheka nusu. Kwa hiyo siku ile simu ya shemeji yangu Hamisi ilipoingia, baada tu ya adhana ya alasiri, nilijua kabla hajasema.

"Braza, chupa imepasuka, na damu inatoka nyingi. Bodaboda wamegoma, magari yote yanaishia ng'ambo. Hilo ligari lako ndo siku yake leo."

Nikuambie ukweli ambao sijapata kumwambia Hamisi? Kabla sijaogopa, nilifurahi. Nilijiona shujaa. Mungu anisamehe.

Lami niliiacha Chanika nikaingia njia ya udongo. Gari lilikwenda vizuri, madimbwi linayapita tu. Nilipofika ukingoni, pale njia inapoteremka bondeni, nikamwona mtu mzima amesimama peke yake, kanzu nyeupe, kofia, na pembeni yake jeneza limefunikwa kitambaa cha kijani, limelazwa juu ya mawe mawili. Nikasimama. Ungepita wewe? Kwetu mtu wa msibani hanyimwi msaada, hata kama umegombana naye asubuhi.

Nikamwamkia, "Shikamoo, mzee."

"Marhaba, mwanangu. Tumemaliza kuzika, wenzangu wametangulia. Nina jeneza la kurudisha msikitini, hapo ng'ambo tu."

Hilo nalo la kawaida. Jeneza ni la msikiti; maiti akishawekwa kaburini linarudi tupu, linamsubiri mwingine. Na njia yake ilikuwa njia yangu. Nikamwambia nina mgonjwa nakimbilia, ila tufanye haraka. Hakuharakisha. Aliyatazama matairi moja baada ya jingine, kisha akainama akachungulia chini ya gari, kama mnunuzi mjuzi.

"Gari lako litaweza?"

Sasa nisikilize. Pale ndipo nilipotakiwa kusema, mzee wangu, matairi haya ni ya kuringia, ekseli zangu ndogo. Maneno hayo tu. Lakini niliona aibu. Mimi, fundi, niseme gari langu haliwezi ubao mtupu?

"Hili linabeba chochote," nikasema.

"Chochote?"

"Chochote, mzee."

"Umesema mwenyewe," akasema. Tukalinyanyua, huku na huku, likapanda kwenye keria ya juu ya paa kwa urahisi, jepesi kama lilivyotakiwa kuwa. Nikalifunga kamba. Nilipomfungulia mlango akakataa, akasema atakuja kwa miguu. Nilipokuwa nawasha gari ndipo nilipoona kwamba kanzu yake haikuwa na tone la tope, ndefu mpaka kwenye vifundo vya miguu, katika njia ile ambayo mimi nilishachafuka mpaka magotini. Nikaona, nikaingiza gia.

Nilishuka mita hamsini hivi, gari likaanza kukaa. Sio kuzama kwenye tope, la! Kukaa, springi zinashuka taratibu, mpaka matairi yakaanza kusugua bodi na moshi wa mpira ukaniingia puani. Usukani ukawa mzito. Keria ikalia juu ya kichwa changu, na paa likaingia ndani kidogo, nikaliona kwa macho haya. Nikakanyaga mafuta kwa hofu, na hilo ndilo kosa ambalo namkataza kila mwanafunzi wangu. Nikasikia "ta!" kutoka nyuma. Ekseli ya kushoto imekatika.

Simu ikaita. Hamisi aliniwekea tu simu nikamsikia Mwanahawa. Ile sauti sitaki kuieleza.

Nikashuka. Nyuma yangu njia ilikuwa tupu, hakuna mzee, hakuna mtu yeyote. Nikapanda kwenye tairi nikajaribu kunyanyua kona moja ya jeneza. Halikutikisika. Nikaweka bega, nikasoma dua nilizozijua, wapi! Na mdogo wangu anakufa, niko naye karibu hivyo nashindwa kufika.

Nikatoa kisu, nikakata kamba, nikalisukuma kwa miguu nikiwa nimelalia mgongo kwenye boneti. Likateleza pembeni, likaanguka. Nchi ilitetemeka. Na gari likanyanyuka, likasimama juu kama mwanzo.

Unajua tunavyobeba jeneza? Njia nzima halitui chini. Bega likichoka, mwenzako anaingia, unamwachia, anapokea. Hivyo mpaka makaburini. Hata watoto wanajua. Mimi nililitupa njiani, kwenye tope, bila wa kumwachia. Nikiwa nashika mlango nikasikia sauti ya yule mzee, karibu kabisa na sikio langu, haina hasira hata kidogo.

"Nani amepokea?"

Sikugeuka. Ekseli ilikuwa imekatikia ndani karibu na difu, kwa hiyo tairi lilibaki limeshikwa na beringi. Nikaingiza four-wheel, miguu ya mbele ikavuta, nikatoka bondeni nalia waziwazi.

Tulimpakia Mwanahawa. Wakati wa kurudi, pale nilipolitupa jeneza palikuwa na shimo tu, refu na jembamba, limejaa maji. Hamisi alikuwa amemshika mkewe. Tulipolipita, Mwanahawa akapiga ukelele mmoja, na mtoto akazaliwa hapohapo kiti cha nyuma, wa kike. Hospitali wakawapokea wote wawili wazima. Watu walinikumbatia. Waliniita mkombozi.

Wiki iliyofuata nikaenda msikiti wa ng'ambo. Wakanionyesha jeneza lao, kavu, na vumbi juu. Siku ile hawakuzika mtu. Mzee Kibwana alipoishika ile ekseli aligeuza, akageuza tena. Chuma kilikuwa kimesokoteka kama nguo iliyokamuliwa. "Ulibeba nini?" akauliza. Nikamwambia mchanga. Hakuniamini, na gari hilo hakuligusa tena.

Mtoto ana miaka mitatu sasa. Mzuri, mcheshi, anaongea kama mwanasheria. Kliniki wakimtundika kwenye mizani kilo zake ni za mtoto wa umri wake, hana tatizo. Lakini mpandishe kwenye gari, gari lolote, kisha nenda katazame nyuma. Springi zinakaa. Madereva wanashuka kuangalia kama tairi limetoboka. Mama yake hambebi tena mgongoni, uti wa mgongo umemharibika, na madaktari wamepiga picha mara mbili bila kuona kitu. Anasema ni uzazi ule mgumu. La jeneza, na nani amelipokea, sijamwambia.

Kwa hiyo wewe kijana mwenye hamu ya matairi makubwa, anza na ekseli, anza na difu, na kama huna uwezo wa kuzibadilisha, baki na tairi la kiwandani na uvumilie kuchekwa. Na mtu akikusimamisha njiani akakuuliza kama gari lako litaweza, mwambie ukweli hata kama unaona haya.

Idi iliyopita walikuja kwangu. Mtoto alikimbia kutoka mlangoni, amenyoosha mikono, anataka mjomba amnyanyue. Nikarudi nyuma mpaka ukutani, mbele ya wageni wote. Mwanahawa aliniangalia, kisha akainama kwa tabu, mkono mmoja kiunoni, akamnyanyua mwenyewe. Anadhani simpendi mwanawe.