Makopo Saba ya Oili Nyeusi

Kwaa! Ulikuwa mnyororo wa bodi ya nyuma ya lori, siku ile ya Julai ya vita, ulipofungwa huku mke wa Gaetano akiwa ndani. Miaka tisa imepita, na bado Gaetano akisikia chuma kikigonga chuma popote Juba, shingo humgeuka yenyewe. Josline alikuwa ameketi juu ya godoro lililokunjwa, mtoto wao Rejoice mapajani, mdogo wake bado tumboni. Lori lilikuwa linaelekea Nimule, wavuke mpaka waingie Uganda.

"Wiki mbili tu," Gaetano alimwambia. "Hali ikitulia nakuja kuwachukua."

Wiki hizo mbili hazijaisha.

Si kwamba hakujitahidi. Mpaka ule aliujua tangu utotoni. Mama yake aliuvuka naye mgongoni, yeye akasomea chini ya turubai kambini Adjumani, Uganda, akarudi kijana mwenye leseni na kupata kazi ya udereva katika ofisi moja ya mtaa wa Thongpiny, Juba. Kisha, Josline akiwa ameshaondoka, pikipiki ikamvunja mguu wa kushoto. Mfupa uliunga vibaya, kazi ikaisha. Alisukuma mkokoteni wa vitunguu kwa miaka, akajinyima, hadi akapata pikapu kuukuu ya gia ya otomatiki, kwa kuwa mguu ule haukuweza tena kukanyaga klachi. Majirani zake wa mtaa wa Gurei waliiita gari ya wavivu. Yeye aliiita gari ya kumrudisha Josline, ila hilo alilisema moyoni.

Juzi Josline alimtumia ujumbe wa sauti. "Baba Rejoice, ahadi zako ni nyingi, nimechoka kuzitunza. Jumamosi tutakuwa hapa Elegu, mpakani, mimi na watoto. Ukifika, twende. Usipofika, neno hilo la kuja usiniambie tena."

Na pikapu ikachagua wiki hiyohiyo kuugua. Ukiweka gia, ilikaa kwanza kama inayofikiri. Unahesabu moja, mbili, tatu, ndipo inaruka kwa kushtuka. Fundi Arop alichomoa kijiti cha kupimia, akanusa oili, akakunja uso.

"Kiasi kiko sawa, ila imeungua. Badilisha, lakini pole pole. Gia mzee kama huyu ukimwosha tumbo lote, anakufa. Mwaga ile inayoshuka yenyewe, pima, rudisha kiasi kilekile. Ikipungua gia inateleza, ikizidi inatoa povu. Usingoje kijiti: hakisomi sawa mpaka injini iwake, na ikiwaka oili ikiwa pungufu, gia anakufa. Umesikia, ya akhui, ndugu yangu? Pima."

Alhamisi asubuhi Gaetano aliwasha injini dakika chache ili oili ipate joto, akaizima. Akazuia magurudumu kwa mawe, akainua pikapu kwa jeki, akaweka magogo chini ya fremu, kisha akajiburuta chini yake, mguu mbovu ukifuata kama mgeni asiyetaka kuingia. Nati ya kumwagia ilipoachia, oili iliyotakiwa kuwa nyekundu kama chai ya karkade ilishuka nyeusi ndani ya beseni, ikinuka ugali ulioshika sufuria.

"Mzee!" Ilikuwa sauti ya Prossy, jirani yake Mganda anayeuza maharage sokoni. Alikuwa ameegemea ua. "Hiyo oili chafu unapeleka wapi? Mchwa inakula nguzo zangu yote. Mimi iko nalala, nasikia inatafuna."

"Chukua, mama," Gaetano alijibu kutoka chini ya gari, bila kufikiri. "Ikimaliza kudondoka, chukua yote."

Aliingia ndani kuunyoosha mguu huku oili ikidondoka. Akalala. Alipotoka, jua lilikuwa utosini na beseni likiwa tupu, limepanguswa likang'aa. Ng'ambo ya ua nguzo kumi na moja zilikuwa zimepakwa nyeusi, zimesimama kama mashemasi.

Gaetano alikaa chini, kwenye vumbi.

"Mzee, nini? Umesema chukua."

"Nilisema. Sikupima, mama. Sijui nirudishe ngapi." Akamweleza yote: Arop, mpakani, Jumamosi. Hakuwa amemweleza mtu.

Prossy alimtazama, kisha akacheka, na kicheko kile nusura kimuudhi. "Wewe unafikiri mimi naweza toa kitu kwa chombo bila kuhesabu? Miaka kumi na tano niko soko! Nimechota na kopo kuukuu ya maharage. Saba imejaa. Ya nane, robo tu."

"Una hakika?"

"Bwana yangu alitoroka kwa sababu nahesabu sana! Nina hakika."

Gaetano alilisafisha kopo kwa petroli, akalipangusa, akalianika juani hadi likakauka kabisa. Akafunga nati. Kisha akamimina oili mpya kwa mrija, kopo baada ya kopo, na Prossy akihesabu kwa sauti kuu kama anayemuuzia mteja mbishi. Saba. Na robo.

Akashusha gari. Injini ikiwa imewaka na breki imekanyagwa, akapitisha gia zote taratibu, akarudisha gia ya kuegesha, akashuka, akachomoa kijiti, akakipangusa, akakitumbukiza tena. Oili ilisimama pale penye alama, nyekundu na safi. Ndipo akaketi tena kwenye usukani, akaweka gia ya kwenda mbele. Akaanza kuhesabu. Hakufika mbili; pikapu ilikuwa imeshaanza kusogea.

Aliiendesha hadi barabara ya lami na kurudi. Gia zilipokezana bila ugomvi. Alipita nyumba ambayo hapo zamani alipanga na Josline, na kwa mara ya kwanza hakugeuza uso.

Aliporudi alimpigia Josline simu. Kwa miaka tisa alikuwa ametunga hotuba ya siku hii, na ilikuwa na mengi: kuomba radhi, kueleza, hata aya moja ya Zaburi.

"Nimeijaribu gari," alisema. "Itafika."

Mtoto alikuwa anaimba huko nyuma ya Josline, yule mdogo ambaye Gaetano amemwona mara mbili tu. Kisha Josline akauliza, kama anayekanyaga daraja asiloliamini, "Nibebe nini?"

Prossy alikuwa bado ameegemea ua, masikio wazi. Gaetano akageukia ukuta, akaukinga mdomo kwa kiganja chenye oili.

"Sufuria acha huko," akanong'ona. "Hapa ziko."