Siku Magugu Yalipomshika Baba

Juzi nilivuka ziwa pale Busisi kwa daraja. Kabla sijakaa vizuri kwenye kiti cha basi, tayari tulikuwa ng'ambo. Abiria wenzangu walitoa simu wakapiga picha. Mimi nilibandika uso dirishani nikitafuta, kule chini majini, njia tuliyokuwa tukipita na mtumbwi. Sijui hata nilitegemea kuona nini, maana maji hayaweki alama.

Utotoni tulikaa Nyakato, mjini, chumba na sebule, karibu na kiwanda alichofanya kazi baba. Kama na wewe umekulia kwa mtu wa zamu, utanielewa. Baba alikuwepo na hayupo. Tukiamka amelala, tukirudi shule ameshatoka, na siku za mapumziko mama alitufinya tusipige kelele. Nilimjua baba kwa kukoroma, kwa harufu ya sabuni ya kiwandani na kwa viatu vyake vikubwa mlangoni.

Lakini mara moja kwa mwaka, akipewa likizo, alitupeleka kwa bibi, mama yake, ng'ambo ya pili. Kivuko hakukitaka. "Mimi nimezaliwa ziwani," alikuwa akisema, "nipangwe kwenye kivuko kama gunia la mpunga?" Basi tunashukia Kigongo, upande wetu wa ziwa, anaazima mtumbwi kwa ndugu yake mvuvi, na safari inaanza. Baba nyuma na kasia kubwa, kaka mbele na dogo, mama katikati kakumbatia kikapu cha zawadi za bibi, na mimi miguuni pake na kidumu kilichokatwa, kazi yangu kuchota maji yaliyovuja na kuyamwaga nje. Tukishavuka tunaingia kwenye mto mdogo, mafunjo huku na huku, ndege wakigombana ndani yake, na moshi wa watu wanaobanika samaki unatufikia kabla hatujawaona. Kwa bibi kulikuwa huko, juu kidogo ya mto.

Mwaka ninaousema, magugu maji yalikuwa yamejaa pale mto unapoingia ziwani. Wavuvi waliotupita walitushauri tushukie ufukweni, tumalizie kwa miguu. Baba akaona uwazi katikati ya magugu. "Njia si hiyo hapo?" Miaka ya kiwandani ilikuwa imemsahaulisha kwamba magugu hutembea na upepo, na njia uliyoiona sasa hivi baadaye huna. Tukaingia. Tulipofika katikati, nyuma kukafunga, mbele kukafunga. Kasia likawa linachota majani tu.

"Haya, mzaliwa wa ziwani," mama akasema, "tutoe."

Baba alihangaika mpaka shati likalowa, kisha akakaa chini akacheka. Sikuwahi kumwona akicheka mchana. Mama akafungua kikapu, tukaula mkate tuliompelekea bibi, hivyo hivyo bila chai. Baba akatupasulia shina la gugu tuone lilivyo jepesi ndani, akatuhadithia alivyokuwa akivua furu utotoni na jinsi bibi alivyomcharaza kwa kutoroka shule. Halafu akaniangalia, akaniangalia tena, akauliza:

"Hivi wewe sasa uko darasa la ngapi?"

Mama aligeukia kwenye mafunjo. Mimi nilijibu kwa furaha, "La tatu, baba," kisha nikamwambia mwalimu wetu alivyo mkali, na nani ninakaa naye dawati moja, na kwamba naogopa hesabu za kugawanya. Alisikiliza yote. Akanifundisha kugawanya kwa vipande vya mkate vilivyobaki.

Jua lilipoanza kushuka, mama alisali kwa sauti, upepo ugeuke. Na mimi nilisali, moyoni, usigeuke.

Uligeuka. Magugu yakaachia taratibu, kaka akapiga kelele, baba akarukia kasia lake. Tulimkuta bibi amesimama majini mpaka magotini, macho mekundu kwa kulia. Tukapiga magoti, shikamoo bibi, akatuitikia huku akitupapasa kama anayehakikisha tumetimia. Ugali wa muhogo na kambale vilikuwa bado vya moto. Baba alisinzia kabla hajanawa mikono.

Baada ya hapo alipandishwa cheo, akawa msimamizi wa zamu, na likizo ikawa ya kuahirishwa kila mwaka. Tulivuka na mama, kwa kivuko. Bibi akafariki, mama naye akafuata, kaka yuko mbali na simu zake ni za sikukuu. Baba alitutoka akikaribia kustaafu. Msibani wenzake wa kiwandani walijaa. Walisimulia juu ya mtu mcheshi, mwenye hadithi zisizoisha, aliyemsikiliza kila mwenye shida mpaka mwisho. Watu walicheka na kulia. Mimi nilikaa mkekani nikiwaonea wivu. Mtu huyo wao walikuwa naye kila siku. Mimi nilikutana naye mara moja tu, tulipokwama.