Ving'amuzi vya Wifi

Kabla matangazo ya televisheni ya analojia hayajazimwa, duka la wifi yake lilikuwa la sufuria na magodoro, na Bi Sabuni aliuza pale kwa raha zake. Alikuwa ameolewa na mdogo wa kiume wa huyo mwenye duka, mwanamke mwembamba, msafi kupita kiasi. Majirani walimwita Bi Sabuni, kwa sababu akipewa maji ugenini alikinusa kikombe kwanza. Jina halikumuudhi.

Siku mitambo ilipozimwa, mtaa mzima uliamkia chenga. Watu walizipiga televisheni makofi, wakazungusha antena juu ya paa mpaka shingo zikauma, mwisho wakakubali yaishe na kuja dukani. Wifi, ambaye angenusa pesa hata zikiwa soksini mwa mtu, alikuwa ameshaziondoa sufuria. Ving'amuzi vilijaa mpaka darini, na wiki haikuisha kabla havijaisha.

Mzigo wa pili ulikuja kwenye magunia, si kwenye maboksi. Vilikuwa ving'amuzi vilivyorudishwa na wateja wa mji mwingine, vimekufa au vinakaribia kufa, vingine vina alama za vidole vya mafuta, kimoja kimegandwa na punje za wali. Bi Sabuni alipofungua cha kwanza akifute, mende walimmwagikia mapajani. Mende hupenda joto, na king'amuzi huwaka kutwa nzima. Humo ndani walikuwa wametaga, wamekufa, wamezaana tena.

Alipiga yowe akarukia uani.

"Wifi, humu mna mende!"

"Si uwatoe?"

"Na mayai yao?"

"Wifi yangu, mende haonekani kwenye picha." Akamtupia tambara na kopo la mafuta ya taa.

Hiyo ikawa kazi. Alikaa stoo kwenye kigoda, akifuta, akikwangua mayai kwa njiti ya kiberiti, akivivisha nailoni mpya na kuibana kwa draya ya nywele hadi kila kimoja king'ae kama kimetoka kiwandani jana. Hakuna kilichowashwa kujaribiwa. Nyumbani alioga, akaoga tena, na bado chakula kilimshinda.

"Dada anatafuta riziki," mumewe alisema, akicheka. "Hicho kinyaa chako kitatulaza njaa."

Ada za watoto zilitoka duka hilo hilo. Asubuhi akarudi kwenye kigoda.

Miongoni mwa wanunuzi alikuwamo mzee mmoja, mlinzi mstaafu. Mkewe alikuwa amepigwa na kiharusi, anashinda kitandani, na kipindi cha mapishi cha asubuhi ndicho pekee kilichomfanya aombe kuinuliwa akae. King'amuzi cha mzee hakikuonyesha kitu. Alipokirudisha, Wifi alisema, "Tatizo ni antena yako, mzee," akamuuzia antena. Aliporudi tena akaambiwa, "Basi televisheni yako imezeeka kama mwenyewe." Watu wakaangua kicheko. Bi Sabuni alitazama sakafu.

Mzee alirudi tena siku ya mechi kubwa, foleni imefika barabarani. Alijipenyeza, akakiweka king'amuzi juu ya kaunta.

"Mwanangu, pesa sizitaki. Kiwasheni hapa hapa, nikione."

Wifi hajafungua mdomo, Bi Sabuni ameshakichomeka kwenye televisheni ya dukani. Kioo kikawa cha buluu, kikabaki cha buluu. King'amuzi kikapata moto. Ndipo kwenye vitundu vya pembeni yakachungulia masharubu, wakafuata mende wenyewe, wakubwa kwanza, kisha vitoto vyeupe visivyohesabika, vikatawanyika juu ya kaunta, juu ya risiti, mpaka ndani ya mkoba wa Wifi uliokuwa wazi.

Bi Sabuni akajua sasa yamekwisha, watu watakimbia.

Mwanamume wa mbele alimkung'uta mende aliyempanda begani. "Haya, tumewaona. Nipe changu, mpira unaanza saa kumi."

"Kwani wanauma?" akauliza wa nyuma yake.

"Nipe hata chenye mende, nitakipulizia dawa!"

Wakaanza kusukumana upya. Mama mmoja mwenye mtoto mgongoni aliinamia kaunta, kiwiko chake kikampasua mende, wala hakukitazama. Alinyoosha noti. Bi Sabuni alikuwa ameshazoea kuwachukia mende, na hata kumchukia wifi yake. Watu hawa hakuwa amewatarajia. Kichefuchefu kilichompanda kilikuwa cha watu.

Aliinama chini ya kaunta, mahali Wifi alipowafichia marafiki zake vizima vichache alivyobakiza katika mzigo wa kwanza. Akachukua kimoja, akakijaribu, picha ikaja safi. Akampa mzee.

"Chukua, baba. Kamwashie mama."

"Hicho cha shoga yangu!" Wifi alifoka.

"Shoga yako mpe cha kwenye gunia."

"Toka dukani kwangu!"

"Natoka. Acha ninawe kwanza."

Alinawa kwenye bomba la uani mpaka viwikoni, taratibu, kisha akaenda zake.

Mumewe alimnunia muda mrefu, akisema ameitia familia aibu. Yeye alipata kibarua cha kufua mashuka kwenye nyumba ya wageni. Mashuka ya wageni nayo yana mambo yake, lakini angalau pale uchafu ulifuliwa.

Alikutana na mzee sokoni baada ya msimu wa mvua kwisha. Mkewe alikuwa amefariki. "Alipata kuviona vipindi vyake," mzee alisema. "Alikuwa ananielekeza mimi nipike, na nikiunguza ananitukana."

Wifi aliuza magunia yote. Hakuna aliyemshitaki. Wateja walewale waliorudisha vibovu walinunua vingine kwake, naye akahamia kwenye kuuza simu na kujenga ghorofa. Kwenye vikao vya ukoo huketishwa mbele, wakwe wakimuuliza ushauri wa biashara, kisha mtu mzima mmoja humgeukia Bi Sabuni na kumwambia kwa upole amwombe wifi yake radhi.

Hajamwomba mpaka leo.