Nilidhani Anaomba Ndimu

Nilikwenda kumkatalia. Hilo nalisema mapema nisije nikajipamba. Binti yangu wa mwisho, niliyemsomesha kwa kugonga bati mpaka akakaa mapokezi ya hospitali hapa Dubai, alitaka nikamwone kijana anayetaka kumuoa. Na kijana mwenyewe ni dereva wa basi la kampuni, Mtanzania wa Tanga, anayepeleka wafanyakazi Al Quoz, kwenye viwanda, kila alfajiri. Mama wa binti, kule Mombasa, alishamkubali kijana kwa simu. Nikabaki mimi, na neno langu lilikuwa tayari: hapana. Sikumsomesha mtoto aje kuolewa na usukani.

Na kuna jambo jingine. Sikio langu la kushoto limekufa. Miaka thelathini na zaidi nimekunja na kugonga mabati ya njia za hewa baridi pale Al Quoz. Nilianza kwa kufagia vipande vya chuma, leo karakana ni yangu. Shule niliiacha darasa la tatu, na sioni haya kulisema. Lakini la sikio sikumwambia mtu. Nilijifunza kucheka watu wanapocheka, na kuitikia kwa kichwa wanapongoja jibu.

Binti alichagua mkahawa wa chakula cha Wakajuni, watu wa kusini mwa Marekani, si mbali na kwake Discovery Gardens. Jumapili, mchana kweupe. Meza imetandikwa karatasi tupu.

"Sahani ziko wapi?"

"Hakuna, baba."

"Uma?"

"Hapa ni mkono tu."

Nikasema basi hawa wana akili. Wakanifunga plastiki shingoni kama mtoto anayelishwa uji. Glavu nilizirudisha. Mhudumu akaja na mfuko unaofuka mvuke, akaumwaga wote katikati ya meza: kamba, kaa, mahindi, viazi, soseji za ng'ombe, vyote vyekundu kwa pilipili. Kando yake bakuli la mchuzi mzito. Nikauonja. Bamia! Nimevalishwa shati la kupiga pasi nije kula bamia za mama yangu.

Wanamuziki walikuwa watatu. Mmoja na kinanda cha kuvuta kwa mikono, mmoja na fidla, na wa tatu kavaa bati. Sitanii. Bati la mikunjo kama la paa, limepindwa likakaa mabegani, analikwaruza kwa vijiko viwili. Nililikagua kwa jicho la kazi. Pale begani aliyelipinda anajua kazi, halina ufa hata mmoja. Na mlio wake, hata upande wangu uliokufa, uliniingia kifuani. Niliufurahia kuliko nilivyotaka.

Kijana alikaa kushoto kwangu. Shikamoo yake nilijibu, mengine nilimwachia binti. Alikuwa akiniudhi kwa adabu zake. Naomba maji. Naomba tishu. Naomba pilipili.

"Nyinyi Watanzania," nikamwambia, "mnaomba hata kilicho chenu. Kwetu mtu husema lete."

"Mzee, kwetu ukisema lete, unaletewa makofi."

Nikacheka kwa kweli, kisha nikajikasirikia kwa kucheka.

Muziki ukapanda. Nikamwona amefuta mikono, ameketi wima, ananiambia kitu. Nilichopata ni midomo tu: naomba. Mbele yangu palikuwa na kipande cha mwisho cha ndimu. Nikamsukumia.

"Chukua! Chukua tu, hilo nalo la kuuliza?"

Binti akajifunika uso, akaanza kulia. Kijana akaitazama ndimu. Nikajua nimekanyaga pabaya, nikafanya kama kawaida yangu, nikaitikia kwa kichwa.

Hapo angeweza kunyamaza. Neno la mzee limetoka, shahidi yupo, khalas. Badala yake aliinuka, akazunguka nyuma yangu, akachuchumaa upande wa kulia.

"Mzee, umenipa ndimu."

"Si ndiyo uliyoomba?"

"Nimekuomba ruhusa ya kumuoa binti yako. Hukunisikia. Nataka unisikie, hata kama utanikatalia."

"Nani kakwambia sisikii?"

"Nabeba mafundi bati kila siku, mzee. Nawajua wanavyogeuza shingo."

Binti alikwisha acha kulia. "Baba! Tangu lini?"

"Wewe kula kamba."

Nikaweka chini hindi nililokuwa nikilila. Siku tatu nimelibeba lile hapana langu, na sasa mtu amekuja kuchuchumaa kwenye sikio zima ili nimwambie vizuri. Nikamtazama. Viatu vyake vilikuwa juu ya maganda ya kaa yaliyoanguka sakafuni.

"Posa hailetwi juu ya maganda," nikasema. "Tuma wazee wako. Na wakija, waketi kulia kwangu."

Binti akanikumbatia na mikono yake yote ya pilipili. Lile shati halijatakata mpaka leo.

Wazee walikuja, wakaketi kulia, na nikasikia kila neno. Baadaye mkwe wangu mwenyewe ndiye aliyenipeleka kupimwa, akakaa nje kwenye benchi bila kumwambia mtu. Sasa navaa kifaa kidogo sikioni, nasikia hata friji ya nyumbani ikinguruma. Namshukuru Mungu kwa sikio hili jipya. Lakini lile bovu nalishukuru zaidi. Siku ile ningekuwa mzima, ningemkatalia vizuri sana.